Siku Kibua Iliposimama Nyuma Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwenu wa mbele munaosikia, asifiwe kwenu wa nyuma muliokuja na usingizi wenu! Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa kifupi, na neno hilo "kwa kifupi" amelirudia huku akinikazia macho. Ndiyo sababu nimeandika. Munanijua. Mukiniacha niseme bila karatasi, tutakula hapa chakula cha mchana na cha jioni, na hawa watoto watafunga ndoa tungali tumeketi.

Mimi ni mtoto wa Masisi. Nilizaliwa juu kabisa, mahali ambapo kiazi kikikuponyoka mlangoni unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini, naye amekwisha kukipika. Baba na mama walilima maharagwe na muhogo, na baba zao na mama zao vilevile. Hata leo nikisikia mvua ya kwanza ikipiga udongo mkavu, pua yangu inarudi kule: maganda ya maharagwe uani, sisi watoto tukiyapiga kwa fimbo, vumbi limetufanya weupe kama wazee, na mama akiimba wimbo wa ibada ya Jumapili iliyopita kwa maneno aliyoyakumbuka nusu. Nusu nyingine alikuwa anaitunga mwenyewe.

Mpira tulicheza kwenye mteremko. Kiwanja sawa tungekitoa wapi? Kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unashuka. Ujuzi wote wa coach wa Masisi ulikuwa huu: chagua kupanda kwanza, tunza nguvu, halafu katika kipindi cha pili washukie wenzako kama maporomoko.

Basi nikapata kazi ya ualimu huku Walikale, na shule ikanipa timu. Ndugu zangu, kiwanja cha huku ni sawa kama meza! Mimi sikuliona hilo. Mechi ya kwanza nikawaambia vijana, "Mutulie. Musikimbie sana. Kipindi cha pili tutashuka." Wakatulia, watoto wa watu, kwa utii mkubwa. Kipindi cha pili kikaja, na hakukuwa na mahali pa kushuka! Tulifungwa magoli mpaka mwamuzi alichoka mdomo kwa filimbi. Mkuu wa shule alinifuata pembeni ya kiwanja.

"Coach, ile kushuka ulisema, tutashukia wapi? Mu muto?"

Mtoni, ndugu zangu! Walinicheka mwaka mzima. Hata mama wauza ndizi walikuwa wananiuliza sokoni kama nimekwisha kushuka.

Lakini katika timu ile kulikuwa na kijana mmoja, kapiteni, anaitwa Amani. Uwanjani Amani alikuwa redio. Anapanga watu, anagombeza beki, anabishana na mwamuzi, anatania wapinzani, vyote kwa pumzi moja. Darasani nikimwita ubaoni, bubu! Kichwa chini, anakwangua chaki kwa ukucha. Tena hakuwa peke yake. Karibu timu nzima ilikuwa hivyo. Jambo hili lilinisumbua kuliko magoli yote niliyofungwa. Kwa nini mtoto mwenye sauti kule anaipoteza hapa?

Kwa hiyo masomo ya jioni yalipofunguliwa hapa kwetu kwa ajili ya walimu, ya kutafuta shahada ya juu ya elimu, nikajiandikisha nikiwa na swali hilo moja tu. Ah, ndugu zangu, jioni zile! Natoka mazoezini na matope mpaka magotini, naingia darasani, nakaa kwenye kiti cha mtoto wa shule ya msingi, magoti yananifika kwenye masikio. Wanafunzi wenzangu walikuwa na mvi. Mvua ikianza kupiga mabati, mwalimu ananyamaza na chaki yake hewani, nasi tunangoja, tunagawana ndizi za kuchoma. Hakuna aliyekasirika. Mvua ikipita, mwalimu anauliza, "Tuliishia wapi?" na kila mmoja anataja mahali pake. Nimekula karamu za arusi tangu wakati ule, hakuna chakula kilichonikolea kama ndizi zile.

Majirani walikuwa wanamwita mke wangu, Mama Furaha, wakikutana kuchota maji: "Bwana yako atamaliza lini? Atamaliza pamoja na wajukuu?" Naye anajibu, "Wajukuu njo watamubebea kartable yake ya vitabu." Lakini nyumbani haikuwa kicheko kila siku. Vita kule milimani vilikuwa vinapanda na kushuka. Njia ya Masisi inafunguliwa, inafungwa. Mama yangu alikuwa upande wa pili, na miaka ilipita sijaona uso wake. Nilikuwa naandika mémoire, kile kitabu cha mwisho wa masomo, huku sijui kama yule aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za maharagwe amelala nyumbani au porini.

Halafu ikaja habari mbaya. Masomo ya jioni ya hapa Walikale yanafungwa. Wenzangu walikuwa wametetea mémoire zao mbele ya maprofesa tayari. Mimi siku yao nilikuwa nimelazwa na malaria, ile ya kukufanya uone dari inakuja kukusalimia. Nikabaki mimi wa mwisho. Wakasema maprofesa watatu watakuja kwa jeep kupitia Masisi, watanisikiliza, watafunga mlango, watarudi. Nisipotetea safari hiyo, miaka yote ile imeisha bure. Hakuna nyingine.

Nikaazima koti la shemasi. Shemasi wetu munamwona alivyo mpana. Ndani ya koti lile nilikuwa kama mpini wa jembe ndani ya gunia.

Asubuhi ya siku yenyewe, simu inalia. Ni dereva wao. Lori limelala katika matope upande huu wa kijiji cha Kibua, limefunga njia, jeep haipiti. Maprofesa wamelala Kibua, na leo mchana wanageuza kurudi. Ndugu zangu, niliketi kitandani, nikavua koti, nikalikunja vizuri. Nilimwambia mke wangu, "Imekwisha. Mungu hakutaka."

Mama Furaha alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha.

"Maprofesa iko wapi?"

"Kibua."

"Kibua njo mbinguni?"

Nikalisukuma koti pembeni.

"Nimekuuliza, Papa Furaha. Kibua iko mbinguni, kusudi ufikeko mupaka umekufa? Vaa viatu."

Nilipotoka nje, timu ilikuwa imekwisha kufika. Sijui nani aliwaambia. Amani alikuwa amefunga mémoire yangu ndani ya plastiki na kuikumbatia kama mtoto mchanga. Tukapanda moto, pikipiki zetu hizi, watu wengi kuliko moto zenyewe, mpaka pale moto zilipokataa. Tukaendelea kwa miguu. Matope yale, wapendwa! Yalinifika kifuani, na mimi si mtu mfupi. Basi, tuseme magotini. Lori tulilikuta limelala ubavuni kama kiboko aliyeshiba, tukapita pembeni yake porini.

Kibua tulifika jua likiwa juu. Na mtu wa kwanza niliyemwona, ameketi kwenye jiwe mbele ya kanisa, kitenge chake cha ibada kiunoni, kuku chini ya mkono, alikuwa mama yangu.

Mama yangu mwenyewe! Alikuwa amesikia kule Masisi kwamba wakubwa wanapita kwenda kumwona mtoto wake. Akasimama katikati ya njia mpaka dereva akashindwa kupita. Akapanda na kuku wake na mfuko wa maharagwe. Maharagwe yale ndiyo waliyokula maprofesa mchana ule kabla ya kunisikiliza. Kuna watakaosema ni rushwa. Mimi nasema ni Mungu aliyepika! Nilimkumbatia, naye akanishika mashavu kwa mikono yake yenye ukavu wa shamba, akasema tu, "Umekonda. Na hii koti ni ya nani?"

Mchungaji wa Kibua alitoa kanisa lake. Wakaweka meza mbele, maprofesa watatu wakaketi nyuma yake, nami nikasimama. Kijiji kizima kiliingia kuona, maana jambo la namna hiyo halijaonekana Kibua. Mkubwa wa maprofesa, mzee wa miwani mizito, akatangaza sheria: watu wote wakae, wote wanyamaze.

Nilieleza kazi yangu vizuri. Mpaka hapo nilikuwa simba. Niliandika kwamba watoto wananyamaza kwa sababu ya kuogopa Kifaransa. Ndipo yule mzee akavua miwani.

"Coach, umeandika mwenyewe kwamba hata katika somo la Kiswahili wananyamaza. Basi si Kifaransa. Ni nini?"

Ndugu zangu, nikawa bubu! Mimi! Sauti hii ambayo ng'ombe wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanaacha majani kuisikiliza! Ulimi ulishika juu kama umegandishwa kwa ulimbo. Jasho likatiririka ndani ya koti la shemasi. Kanisa lote kimya, kuku wa mama ndiye aliyekuwa anasema.

"Tunangoja," mzee akasema.

Profesa wa kushoto akafunika kalamu yake. Moyoni nikalia, Bwana, umenivusha matope yote yale kusudi uniaibishe mbele ya mama yangu?

Sasa sikilizeni. Kwetu milimani, mtu akisimamishwa mbele ya wazee wenye kukata maneno ya kesi, watu wake hawaketi. Wanasimama nyuma yake, ili wazee wajue huyu ana kwao. Na hawaji mikono mitupu. Mama yangu aliona nini? Aliona wazee watatu nyuma ya meza, sauti kali, na mtoto wake wima, hana jibu. Akainuka. Akapita katikati ya viti mpaka mbele, akaweka kuku chini ya meza.

"Bazee, mama yake njo mimi. Ile alifanya sijue. Lakini huyu mutoto hakukulia kwa wezi. Kama iko kosa, tutalipa sisi wote."

Mzee akashtuka. "Mama, hapana. Keti. Hakushitakiwa."

"Hakushitakiwa?"

"Hapana, Mama. Tunamuuliza tu maulizo."

Mama akamtazama, akanitazama, akamrudia.

"Sasa kama hakushitakiwa, mbona munamusimamisha peke yake?"

Akaja akasimama nyuma yangu. Nikasikia kiti kinasukumwa, ni Amani. Kisha timu, na viatu vyao vya matope. Kisha mchungaji wa Kibua. Kisha viti vyote vikalia pamoja, kanisa zima likasimama, watu ambao hawakujua hata jina langu! Sikugeuka. Lakini nilisikia pumzi zao kwenye shingo, na mkono wa mama umeshika koti nyuma, pale lilipozidi.

Mzee alivaa miwani, akavua tena. Nilidhani atafunga kikao.

"Basi," akasema. "Mubakie wima. Lakini mufunge midomo. Na ile kuku, mutu aitoe ku miguu yangu, inanidonoa."

Na sauti yangu ikarudi! Haleluya! Ilirudi kama mtu aliyekuwa ametoka kuchota maji. Nikasema, "Mzee, jibu sikuliandika, maana nimelijua sasa hivi. Uwanjani Amani akipoteza mpira, kuko mutu nyuma yake. Darasani mimi mwalimu namtoa kati ya wenzake, namsimamisha peke yake, na wenzake nawafanya waamuzi. Ndiyo pale ulimi unakufa. Muliniona hapa."

"Na kesho utafanya nini?"

"Kesho nikimwita ubaoni, atakwenda na wenzake wawili."

Mzee akaandika, akaandika. Wakatutoa nje, wakaturudisha, wakatangaza kwamba nimepita, tena nimepita kwa sifa! Kelele iliyopigwa Kibua ilisikiwa mpaka Bweremana kule ziwani, samaki waliruka, wavuvi wakawapokea mikononi. Mama hakuelewa shahada ni nini. Aliuliza tu, "Bamemuachilia?" Amani akamjibu, "Bamemuachilia, Mama."

Hatukupata hata jioni moja pamoja. Jeep ndiyo iliyokuwa njia yake ya kurudi nyumbani, na maharagwe yake yalikuwa shambani. Aliketi kati ya maprofesa wawili, akanipungia mkono kupitia kioo chenye matope. Tangu siku ile njia imefungwa tena. Rezo ya simu ikikubali tunaongea kidogo, ananiuliza kama nimenenepa. Bado namwona nyuma ya kioo kile.

Watu husema nilisoma sana. Mimi nasema Mungu alinifungua ulimi, na kabla ya kuufungua alinipangia watu nyuma. Alimtia mama ndani ya gari lile. Alilaza lori pale kusudi nisikilizwe kanisani, mbele ya watu. Ningetetea Walikale ndani ya ofisi, ningekuwa bubu mpaka leo. Utukufu kwake!

Sasa, mpendwa, wiki hii kuna meza inayokungoja. Ni ya daktari, au ya mahakama, au ya mtihani, au ni kitanda cha mgonjwa wako. Unajiona utasimama peke yako na ulimi umekauka. Mwamini huyu Yesu, na usione haya, njoo hapa mbele. Hatutakuuliza umefanya nini.

Na ninyi wengine, kazi yenu munaijua. Simameni.