Maji Yalipong'aa, Samaki Wakapungua: Miaka Thelathini na Mmoja ya Marlys Defoe

Leo ni Ijumaa, tarehe 25 Aprili 2025, na nimeahidi kuandika yote, yanayopendeza na yasiyopendeza. Bi Marlys Defoe anastaafu Jumatano ijayo, baada ya kuitumikia idara ya uvuvi ya kabila letu la wenyeji wa asili kwa miaka thelathini na mmoja.

Kwa kawaida wasifu wa kusomwa kwenye sherehe ya kuaga kama hii huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wapo wanne. Wawili walisema wamebanwa na kazi, wa tatu hakujibu, na wa nne akacheka kidogo, akaniambia, "Andika wewe, binti. Wewe bado una marafiki wa kupoteza." Mimi ni Tressa Bellanger, mwanafunzi wa darasa la kumi. Kila Ijumaa shule hunituma kwenye kituo cha vifaranga vya samaki, na huko Shangazi Marlys, kama sote tunavyomwita, ndiye aliyenifundisha.

Alianza kazi akiwa msafishaji wa matangi. Baadaye idara ilimpeleka chuoni, akarudi na shahada ya elimu ya samaki na kicheko kilekile. Kila majira ya kuchipua, barafu ikishayeyuka, alikamua mayai ya ogaa, samaki wetu wa macho meupe, na kuyasafirisha kwa gari huku madirisha yakiwa wazi ili yasipate joto. Dereva wake aliwahi kulalamika, "Shangazi, funga dirisha, nitakufa kwa baridi!" Akajibiwa, "Wewe uko peke yako. Wao ni milioni mbili." Vifaranga alivyovilea vimelisha karibu kila nyumba hapa.

Kisha Ziwa la Matete, tunakovua, likaanza kung'aa. Tulifurahi sana. Baraza la kabila lilichapisha picha zake kwenye kalenda, mawe ya chini yakionekana kama yako mezani. Wachoma mikuki, wanaovua usiku, walifurahi zaidi, kwa sababu taa zao za kichwani ziliyanasa macho ya ogaa kutoka mbali, na boti zilijaa kabla mikono haijafa ganzi. Gerald Defoe, mdogo wake Shangazi na kiongozi wa wachoma mikuki, alitupa tumbaku majini kushukuru kwa desturi yetu, akasema, "Ziwa limetufungulia mlango."

Baada ya miaka michache boti zilirudi nyepesi. Wavuvi wa ndoano kutoka mjini walisimama na mabango pale boti zinaposhushwa, wakisema nyavu na mikuki yetu imemaliza samaki. Sisi tukasema ni wao na injini zao kubwa. Baraza likamwagiza Shangazi atafute sababu, na sidhani kama kuna mtu aliyedhani angeleta jibu tofauti na letu.

Alipasua matumbo ya ogaa wadogo na kuyakuta matupu. Alichota maji na hakukuta vijidudu vile vinavyoliwa na vifaranga. Chini ya mawe alikuta kome wadogo wa magamba yenye milia, wasiozidi ukucha. Hao ndio waliochuja ziwa mpaka likang'aa, wakala chakula cha vifaranga. Tena ogaa hapendi mwanga. Maji yakiwa meupe hivyo, mchana kutwa hujificha vilindini. Uzuri tuliouchapisha kwenye kalenda ulikuwa ugonjwa.

Lakini kome hawana miguu ya kutembea barabarani. Shangazi alizunguka ziwa zima akitafuta walio wakubwa kuliko wote, maana hao ndio waliotangulia kufika. Aliwakuta kwenye nguzo za gati letu wenyewe, gati la kuhamishika, lililokwisha tumika, ambalo Gerald alilinunua kutoka ziwa jingine ili wazee wakae wavue. Lilitakiwa kukaushwa juani kwa wiki kadhaa ili chochote kilicholing'ang'ania kife. Lilishushwa majini siku ileile lilipofika, kwa sababu wazee walikuwa wanangoja.

Aliyasema haya mkutanoni, ukumbi ukiwa umejaa.

"Dada, unasema mimi ndiye niliyeua ziwa?" Gerald aliuliza.

"Sijasema umeua. Nimesema gati lilikuja na maji ya kwao."

"Ngoja watu wa mjini wasikie. Watacheka mpaka meno yang'oke."

"Wacheke. Ogaa hajali nani anacheka."

Baraza liliiweka ripoti kando na kuliambia gazeti kwamba uchunguzi unaendelea. Bado unaendelea. Msimu huu mgao wa kwanza wa wazee, ambao kwa desturi ni ogaa, ulikuwa samaki wa baharini wa dukani, wamegandishwa. Nyanya yangu alifungua pakiti, akainusa, akaifunga. Na Shangazi anakula chakula cha mchana peke yake.

Limebaki Ziwa Birika. Maji yake bado ni ya rangi ya chai na ogaa bado wanazaa humo. Kwa misimu miwili Shangazi amesimama kwenye lango la kushushia boti na mpira wa maji ya moto, akiosha kila boti, ya mgeni na ya kwetu. Nilikuwepo Gerald alipofika mara ya kwanza.

"Fungua, Marlys. Hii boti ni yetu."

"Kome hawaulizi kitambulisho, mdogo wangu. Irudishe nyuma nioshe."

Alitukana, lakini akairudisha. Wiki iliyopita alikuja tena. Boti ilikuwa kavu, kizibo cha kumwagia maji kimeshatolewa, na bila salamu aliinua injini ili dada yake aikague chini. Alipoondoka, Shangazi alikaa kwenye ndoo na kunitazama kama mtu aliyepewa zawadi.

Nimeambiwa nafasi yake haitajazwa, na kwamba mpira utafungiwa stoo siku anapostaafu.

Shangazi Marlys, asante kwa kutuambia ukweli tuliokuagiza uutafute. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na meza yenye watu wa kula nao. Ya kwetu ina nafasi leo hii.

Na ninyi waheshimiwa wa Baraza, mliokaa meza ya mbele, naomba mnijibu kabla sherehe haijaisha: Alhamisi asubuhi boti ya kwanza ikifika Birika, nani atakuwa langoni?