Mama Jembe Anaweka Jembe Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, saa za kazi zitakapokwisha, Mama Jembe atatoka katika ofisi yetu ya kuwasaidia waliomaliza vifungo, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Mwenyewe anasema ametumikia kifungo chake chote, bila msamaha wala kupunguziwa hata siku moja kwa tabia njema. Mkurugenzi ameniomba mimi, dereva wa ofisi, niandike wasifu huu kwa kuwa hakuna mtu aliyemsikiliza mama huyu kwa muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli. Nilikuwa nimefungwa mkanda, ningekimbilia wapi?

Alianza kazi akiwa mpiga chapa. Asubuhi moja aliingia mtu aliyetoka gerezani siku hiyo hiyo, mfuko wa nailoni mkononi, akakuta maofisa wote wako mkutanoni wakijadili namna bora ya kuwasaidia watu waliotoka gerezani. Mpiga chapa akaacha mashine yake, akampa kiti na chai, kisha akamuuliza mikono yake inajua kazi gani. Mtu yule akasema inajua baiskeli. Basi wakatoka wote wawili kwa miguu hadi kwa fundi baiskeli wa pale kwenye kona, na fundi akakubali kumjaribu. Mkutano ulipomalizika, maofisa walikuwa wamekubaliana tarehe ya mkutano mwingine.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumrudisha kwenye mashine. Alipelekwa mafunzo, akawa karani, akawa ofisa, na mwishowe mkuu wa kitengo cha ajira. Vyeo vilibadilika, swali lake halikubadilika. Kosa la mtu limeandikwa kwenye faili, alisema, na faili halijawahi kuajiriwa popote. Yeye aliuliza habari za mikono.

Vijana wetu wapya hudhani jina lake ni sifa, maana siku hizi mchapakazi huitwa jembe. Hawajakosea, ila jina lenyewe lilitoka kwenye methali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hivyo ndivyo alivyowapokea watu wake. Siku ya kwanza alimwacha mtu akae tu. Akitaka kulia, alie; akitaka kulala kwenye benchi, alale, na ole wake atakayemwamsha. Siku ya pili alimtembeza mjini, amfundishe upya kuvuka barabara, kwa sababu mtu aliyekaa ndani miaka mingi hukuta magari yameongezeka na hayana subira. Siku ya tatu ilikuwa kazi, iwe ni kufagia ua au kutengeneza kiti kilichovunjika, mradi mtu arudi nyumbani jioni akiwa amechoka kwa halali.

Na jembe lenyewe lilikuwapo, nyuma ya mlango wa ofisi yake. Mmoja wa watu wetu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alikabidhiwa jembe hilo siku yake ya tatu, akalima bustani kwa bidii ya miaka yote aliyokaa bure, hadi akakata bomba la maji. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari na suti mpya. Mama Jembe alimpa taulo, akamwambia ashukuru, mtu huyo ana nguvu za kuajiriwa.

Wanaume wa ofisi hatujasahau mambo ya kinyozi. Kijana mmoja alijifunza kunyoa kwa wembe huko huko gerezani, na ilimbidi apate mazoezi kabla ya kupelekwa kwenye saluni. Mama Jembe alipita mlango hadi mlango akikusanya vichwa. Tulipokwisha kukaa kitini ndipo tulipogundua kwamba kijana anajua mtindo mmoja tu, nao ni kipara. Wiki ile aliyeingia ofisini kwetu hakuweza kujua nani ni ofisa na nani katoka kifungoni. Mama alisema hilo ndilo alilokuwa akilitaka miaka yote. Kijana sasa ana saluni yake, na amejifunza mitindo mingine, ingawa mimi bado ninamwogopa.

Waajiri nao aliwawinda kwa upole. Hakuwaendea na hotuba. Alikwenda kwanza kama mteja, akanunua, akasifu, akarudi kesho na keshokutwa, hadi mwenye duka akaona haya kumkatalia. Alipomtaka mwoka mikate mmoja awachukue watu wetu wawili, ofisi nzima tulikula mkate mpaka tukaanza kuuota. Mwoka mikate aliponyoosha mikono, tulishangilia kwa ajili ya wale wawili, lakini zaidi kwa ajili ya matumbo yetu.

Sitaki kuandika kana kwamba kila aliyepita mikononi mwake alinyooka. Wapo waliorudi ndani. Wengine walimdanganya mchana kweupe, na mmoja aliondoka na saa ya ukutani. Siku za namna hiyo alirudi garini, akakanyaga sakafu pale ambapo hakuna breki, kama anavyofanya kila nikiukaribia mzunguko. Halafu siku ya kutembelea wafungwa ikifika, alikwenda kuwaona na sabuni mkononi. Nilimuuliza mara moja kama hachoki. Akasema anachoka sana, na akaniuliza kama nimejaza mafuta.

Lakini wasifu huu hautakamilika bila habari za Kimya.

Kimya ni seremala. Alifungwa miaka tisa kwa kosa alilolifanya kweli na ambalo hajawahi kulikana. Tulimwita hivyo kwa sababu ukimsalimia alijibu, na baada ya hapo kazi ya kuzungumza ilikuwa yako. Alikuwa na mke na binti mmoja. Mkewe alikuja ofisini mwenyewe, akaeleza msimamo wake bila kupepesa macho: mume wake atampokea akikaa kazini nusu mwaka bila tatizo, kabla ya hapo asikanyage nyumbani. Alisema mtoto amekwisha kulia mara moja, hataki alie mara ya pili. Mama Jembe hakumbishia. Aliniambia njiani kwamba angekuwa yeye, angedai mwaka mzima.

Basi alimpatia Kimya kazi kwenye karakana ya samani ya bwana mmoja mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka. Mwanzo haukuwa rahisi. Bosi akipita, Kimya alisimama wima na kuacha randa. Alasiri ikifika alichuchumaa ukutani kungoja kuhesabiwa, hadi wenzake wakadhani tumbo linamsumbua. Alikuwa hawezi kwenda chooni bila kuomba ruhusa, na bosi akalalamika kwamba anaulizwa habari za haja za mtu mzima mbele ya wateja. Hata hivyo mkono wake ulikuwa mzuri mno. Miezi ikapita, na nusu mwaka ukawa karibu kutimia.

Jioni moja alitumwa kupanga mbao kwenye stoo ya nyuma. Wenzake wakaondoka. Bosi, akijua hakuna mtu, akafunga lango kwa kufuli akaenda zake. Asubuhi alipofungua, akamkuta Kimya ameketi chini, ameegemea ukuta. Tulipigiwa simu tukachukue mtu wetu kabla polisi hawajaitwa.

Katika miaka yote niliyomwendesha, ile ndiyo safari pekee ambayo Mama Jembe hakunikosoa njiani. Wote wawili tulijua hesabu ilivyokaa. Polisi wakifika, hata kama wangemwachia Kimya jioni ile ile, habari zingemtangulia nyumbani, na mlango aliokuwa akiungojea usingefunguliwa tena.

Mama Jembe alipofika aliuliza kama kuna kilichopotea. Hakikupotea hata msumari, tena stoo ilikuwa imefagiliwa. Bosi akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi zaidi: lango liko barabarani, watu wanapita, mwizi asiyeiba anangoja nini humo ndani mpaka asubuhi? Kwa nini hakupiga kelele? Tukamtazama Kimya. Akasema, huku akitazama viatu vyake, "Niliposikia kufuli, nilikaa chini. Sikukumbuka kwamba naweza kuita."

Mafundi waliokuwa wamekusanyika kutazama vurugu wakarudi kwenye mbao zao mmoja mmoja. Mimi nilitoka nje kuangalia tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Niliporudi nilimkuta Mama Jembe anaomba funguo. Alitaka Kimya ndiye awe anafunga karakana kila jioni na kufungua kila asubuhi. Bosi alidhani amesikia vibaya. Yeye alikuwa anataka kumfukuza mtu, na huyu mama anamtaka amkabidhi mali yote! Mama Jembe akamweleza kwamba mtu huyu amesikia funguo zikizungushwa na wengine kwa miaka tisa, na hataacha kukaa chini mpaka azungushe mwenyewe. Na mali ikipungua, alisema, bosi aje ofisini achukue kiti chake, naye akiwa amekikalia. Bosi alimtazama mama alivyojaaliwa, akakitazama na kiti kwa macho ya akili, akacheka. Akatoa funguo.

Jioni ile tuliegesha gari ng'ambo ya barabara. Kimya alifunga, akaenda hatua chache, akarudi kulivuta kufuli, akaenda, akarudi tena. Nilitaka kushuka nimwambie limefunga. Mama Jembe akanishika mkono, akasema nimwache alifaidi kufuli lake.

Leo Kimya ndiye msimamizi wa karakana hiyo, na watu wetu kadhaa wamejifunza useremala chini yake. Kwa ajili yake yeye, yao, ya mwoka mikate, ya kinyozi na ya wote wasiopenda nitaje habari zao, ofisi hii inamshukuru Mama Jembe. Tunaishukuru pia familia yake, hasa mzee wake nyumbani, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye kwa miaka hii yote amekula chakula kilichopoa na kusikiliza habari za watoto wa wenzie kama wake. Sasa anarudishiwa mkewe. Tunamtakia kila la heri; atauhitaji ujasiri.

Imebaki siku moja ambayo ni mimi na mama tu tunaoijua kutoka nje.

Nusu mwaka ulipotimia, Kimya alituomba tumsindikize kwake, kwa sababu alihofia miguu ingemrudisha njiani. Alikuwa na zawadi ya binti yake, kiti kidogo cha mbao alichokichonga baada ya saa za kazi, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Kilikuwa kiti cha mtoto wa miaka minne, kwa maana ndivyo alivyomwacha. Mama Jembe alikuwa amekwisha kukiona karakanani. Alikuwa amekwisha kumwona binti pia, aliyekuwa akikaribia kumfikia mama yake kwa kimo. Hakusema neno, kwani yako mambo, aliniambia baadaye, ambayo mtu hasahihishwi.

Tulibaki garini. Kimya alifika mlangoni kwake, akasimama pale na kiti chake, tukaona mgongo wake tu. Kisha, kwa sauti ndogo sana, akapiga hodi.

Sauti ya mkewe ikaja kutoka ndani, kavu, ya mtu aliyekuwa akichungulia dirishani tangu tuegeshe:

"Mwenye nyumba hapigi hodi."

Aliingia. Pazia lilibaki wazi, tukamwona binti akija, akikitazama kile kiti, akimtazama baba yake. Hakucheka. Alikipokea, akakiweka chini katikati ya chumba, akakikalia, magoti yakagusa kidevu, na hakukiondokea. Mama Jembe alikuwa analia waziwazi, akaniamuru niendeshe polepole, gari likiwa bado hata halijawashwa.

Mama yetu, pumzika. Ukiamka alfajiri ukidhani umechelewa kazini, rudi ulale. Maisha yako yawe mema na marefu, na miguu isikuume. Na siku utakapotukumbuka, njoo. Na ukifika mlangoni kwetu usisimame nje ukapiga hodi.