Historia ya Mama Kaboni na Swali la Saba

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kaboni, na sisi nyumbani tukaishia kumwita hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa stesheni na mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1976, sekondari mwaka 1983, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha ualimu katika somo la kemia, ambalo wenzake wengi walilikimbia.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa katika sekondari alikofundisha hadi mwisho, kwenye maabara yenye masinki sita na bomba moja linalotoa maji, na kwa kuwa vifaa havikuwepo, alifundisha haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni, kwa udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti, kila donge kaboni moja, kila kaboni mikono minne, akisisitiza kwamba kabla ya kuipa molekuli jina lazima ufuate mnyororo ulio mrefu kuliko yote hadi unapoishia, hata ukikata kona.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na fundi aliyeitwa shuleni kutengeneza jenereta, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, ambaye mpaka leo husema, "Nilikuja kubadilisha plagi, nikaondoka na somo zima la petroli," wakajaliwa binti na mvulana, waliojua kwamba siki ni asidi na spiriti ya kusafishia kidonda ni alkoholi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Linalofuata familia imekubaliana lisomwe. Tarehe 12 Juni 2023 marehemu alikuwa kwenye chumba cha usahihishaji wa mtihani unaotumika kuchagua watakaosoma sayansi, akakuta swali la saba limechora kaboni nne zilizonyooka, na nyingine mbili zilizofuatana zikining'inia chini ya ile ya pili, na mwongozo ukataka jibu liwe 2-etilibutani, wakati mnyororo mrefu unakata kona na una kaboni tano, kwa hiyo jina lake ni 3-metilipentani, jibu ambalo wanafunzi walioelewa somo waliliandika, wakanyimwa alama. Msimamizi alimwambia, "Mwalimu, mwongozo umeshapigwa muhuri, weka kosa twende tukale," naye akajibu, "Kaboni haijui muhuri, baba," akaweka kalamu chini, na siku hiyo hiyo akaondolewa kwenye jopo.

Alikwenda ofisi ya mitihani Julai, mhusika yuko kikaoni, akaenda Agosti, mhusika yuko safarini, akaenda Septemba, mhusika akapatikana, naye mwenyewe akauchora mchoro kwa kidole mezani, akakubali kwamba marehemu yuko sahihi, kisha akasema matokeo yameshatangazwa.

Novemba 2023 madaktari waligundua figo zake zimeshindwa kufanya kazi, akawa anasafishwa damu kila wiki, na kila mgeni aliyeingia wodini aliulizwa kwanza, "Wale watoto wamepangiwa sayansi?" na sote tulijibu, "Bado," mpaka alipofariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliokesha na wanawe, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake bila kuombwa. Ofisi ya mitihani imeleta shada la maua, tumelipokea na tunashukuru, ila wanafunzi walionyimwa alama wamesimama pale nyuma na sare zao, masomo ya sayansi yameshaanza, nao hawamo darasani, na shada haliwezi kuwaingiza.

Dada, wewe lala kwa amani, umechoka. Kesho ofisi ile ikifunguliwa, watatukuta mlangoni.