Macho ya Baba Paulina

Wazee wetu shikamooni, waombolezaji wote poleni, mimi ni Yoeli, mtoto wa pili wa marehemu, ukoo umenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma, ingawa tangu juzi hata chozi halijanitoka.

Marehemu Dastani Stefano, mliyezoea kumwita Baba Paulina, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa Chilangala, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1966, akaenda Mtwara kujifunza ufundi saa, na tarehe 4 Julai 1974 akafungua meza yake sokoni Masasi. Alifunga ndoa na mama yetu Maria, Newala, tarehe 8 Oktoba 1977, wakajaliwa watoto wawili, dada Paulina na mimi.

Simu zilipoua kazi ya saa, watu walianza kumletea sarafu zenye kasoro, maana wapo wanunuzi wanaozitafuta, naye kwa lenzi ile ile ya kutengenezea saa alitenganisha iliyokosewa kiwandani na iliyoharibiwa na mtu, akisema kasoro ya kiwandani sarafu huzaliwa nayo, ya nyundo huipata ukubwani. Alitazama ukingo kwanza, kisha akageuza, kwa sababu jiliwa, kile chuma cha fundi cha kubania vitu, likibana huku, kule alama husagika. Hakuwahi kusema hajui.

Tarehe 17 Agosti 2019 nilimpelekea sarafu ya mia mbili yenye herufi zilizogeuka kinyumenyume, mnunuzi akiwa amesimama pale, Baba akaitazama sana, akanitazama na mimi, akasema macho yake siku hiyo hayaoni. Jamani, niliwaka, nikahamia Newala, nikatangaza kwamba mzee amepofuka, wateja wakamkimbia, na mwaka uliofuata akafunga meza. Sikukanyaga kwake tena.

Aliugua figo tangu Novemba 2024, akafariki hospitalini Masasi tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa sokoni, na ninyi majirani mliobeba ndoo za maji kutoka bondeni, bomba likiwa limekauka.

Karatasi ya ukoo imeishia hapo. Jana dada alinipa kopo la Baba la sarafu, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chenye hukumu yake, kiwandani, nyundo, tupa, jiliwa, na kwenye yangu, ile niliyoiacha mezani pake siku ile, Baba ameandika, Mwenyewe atasema.

Baba, ni jiliwa. Niliibana mimi, kwa fundi baiskeli, juu ya sarafu nyingine, herufi zikajichapa kinyume. Macho yako yalikuwa mazima, ulijua, na hawa wote wamesikia, sasa pumzika kwa amani.