Mama Esnath na Msamaha Aliosemewa

Mchungaji, wazee wetu, ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu Esnath, na kwa agizo lake mwenyewe, nisiyapake sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Masukulu, akasoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili kaka zake waendelee, kisha akachuma chai hadi tarehe 8 Julai 1959 alipofunga ndoa na marehemu Lazaro, wakahamia Kawetele, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa Alinanuswe, na asiyejua kuwa huyo ndiye kipenzi chake alikuwa mgeni pale nyumbani.

Tarehe 3 Juni 1994, enzi hizi za biashara huria ambapo kila mwenye lori hukimbilia soko la Mbeya kana kwamba ndizi zitaota miguu, Ackson wa Makandana alilipita gari lingine kwenye kona, ndani ya ukungu, akamgonga Alinanuswe aliyekuwa akitembea kando ya barabara, akamwua papo hapo. Kesho yake ndugu wa Ackson walileta ng'ombe msibani, mama akampokea, kwa kuwa kwetu anayekuja kulia hafukuzwi, ng'ombe akachinjwa, tukala wote.

Tarehe 17 Februari 1995, Ackson alipokwisha kutiwa hatiani, wakili wake aliomba apunguziwe adhabu, akasema mteja wake amekiri, ni kosa lake la kwanza, ana watoto wanaomtegemea, na mama wa marehemu amekwisha kumsamehe, ushahidi ni ng'ombe aliyeliwa. Mama akasimama kukana, akaamriwa akae. Ackson akatozwa faini, akalala kwake, na lori likarudi barabarani.

Tangu hapo wengi walimwita mama mwenye kinyongo, wakamhubiria saba mara sabini, naye akawajibu, "Msamaha ni wangu, mbona walinisemea?"

Aliugua saratani ya tumbo kuanzia Januari 1997, akafariki tarehe 21 Septemba 1998. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kawetele, na wachuma chai wenzake wa zamani waliomwogesha alipokuwa hajiwezi.

Nawe Ackson umekuja, desturi haikufukuzi, basi sikia kwa masikio yako, kama alivyotuagiza tuseme mbele za watu: Mama Esnath amekufa hajakusamehe.

Mama, tumesema. Sasa pumzika kwa amani.