Usichoke, Angalia Tena

Ndugu zangu, mama zangu na baba zangu, kila Jumapili tunaombwa kuzima simu. Leo nimeomba ruhusa niwaambie kinyume: ziwasheni, mziweke magotini. Mtaelewa mbele kidogo. Mwanzo wa maneno haya nimeuandika mara tano kwenye karatasi, na mara zote tano nilikuwa najitetea. Karatasi nimeiacha nyumbani.

Wengi wenu mnanijua. Ni mimi ninayesoma matangazo hapa mbele. Mnasema nasoma polepole, hata wazee wanaelewa. Likumbukeni hilo.

Mlima ulipotapika moto, tulikimbia kuelekea Sake kama wengi wenu. Katika kusukumana, mdogo wangu wa kike aliponyoka mkononi. Mkononi mwangu, si mwa mtu mwingine. Siku mbili tulizunguka kwenye orodha za watoto waliookotwa, zilizobandikwa ukutani, nikimsomea majina mama yangu ambaye hajui kusoma. Nikifika mwisho, mama alisema, "Usichoke, mutoto wangu. Angalia tena." Nikaangalia tena. Siku ya pili jina likaonekana. Mdogo wangu ndiye yule anayeimba pale nyuma. Lakini maneno ya mama yalibaki kichwani mwangu.

Baadaye nikapata diploma yangu ya biashara, nikaizungusha mjini hadi bahasha ikachanika. Ndipo mtu tuliyesoma pamoja akaniita kwenye chumba chake huko Birere, juu ya duka la vitenge. Kazi ilikuwa kuandika matangazo ya kutuma kwenye makundi ya simu. Anayebonyeza tangazo anaandikishwa kwenye huduma fulani bila kujua, na kila siku unite zake za kupigia simu zinakatwa. Sisi tunalipwa kwa kila anayebonyeza.

"Huduma yenyewe ni gani?" nikamuuliza.

"Utabiri wa nyota, vichekesho, mimi sijui. Iko imeandikwa pale chini."

"Herufi ndogo vile, nani ataziona?"

Akacheka. "Intello, musomi wetu, uko nafikiri sana! Kuko mutu tunalazimisha? Anabonyeza na kidole yake. Hii haiko wizi, ni piblisite, tangazo tu."

Nililipima neno lile wiki nzima. Mimi ni mtu wa kufikiria, nafikiria hata namna ya kumsalimia jirani. Nikajiambia: herufi zipo, mwenye macho asome. Nikajiambia: nisipoandika mimi, ataandika mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, kufikiria sana si sawa na kuwa mwaminifu. Mimi nilifikiria mpaka nikapata mlango wa kutokea.

Matangazo yangu ya kwanza hayakubonyezwa. Kisha waasi wakachukua barabara ya Rutshuru, watu waliokimbia wakajaa kambi ya Kanyaruchinya, na kila familia ikawa inatafuta mtu. Patron, yule tuliyesoma pamoja, akasema tuandike kitu cha kugusa moyo. Nikaandika: "Orodha mpya ya watu waliopatikana. Mama, usichoke, angalia tena."

Hakukuwa na orodha yoyote. Ukibonyeza, ukurasa unazunguka, kisha unakuambia ujaribu tena. Na watu walijaribu tena. Kwa nini wasijaribu? Niliwaita kwa sauti ya mama yangu. Patron alinipigia makofi. Vile viatu vya Noeli mlivyovisifu vilitoka hapo.

Sasa, kuna mama mmoja katika kanisa hili. Ameniruhusu kusimulia habari yake, ila jina hapana. Nyumba yake ilimezwa na moto wa mlima, na tangu hapo anahama kutoka chumba cha kupanga hadi kingine. Binti yake alibaki Rutshuru na shamba la maharage. Kule mtandao ni shida, kwa hiyo walipatana: kila Jumapili baada ya ibada, binti anapanda kilima, anambip mama yake mara moja, anakaa kungoja. Mama anampigia. Mnajua bip zetu, kuita na kukata hakuli unite. Ile bip ilisema, niko hai. Simu ya mama ilijibu, na mimi pia.

Jumapili moja mama huyo alinishika mkono pale mlangoni.

"Binti yangu, wewe umesoma. Angalia simu hii. Yule muuza unite wa Birere ni mwizi! Naweka unite Samedi, Dimanche asubuhi kabla ya ibada hakuna kitu. Nimemutukana mbele ya watu yote."

"Tangu lini, mama?"

"Dimanche ine. Mutoto ananibip, sina ya kumuita. Na leo hakubip."

Nikafungua simu. Tangazo langu lilikuwa pale juu. Mama alikuwa akitafuta jina la mkwe wake, aliyepotea waasi walipoingia, na hakuchoka. Aliangalia tena na tena.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni huduma fulani, mama. Nimeiondoa."

"Mungu akubariki." Akafungua kikapu, akanipa ndizi mbili.

Ndugu zangu, nilizichukua.

Zilikaa mezani kwangu siku tatu. Nilifikiria kila kitu: kwamba hatajua kamwe, kwamba kumwambia ni kujipunguzia mzigo kwa kumtwisha yeye, kwamba afadhali nimnunulie unite kimya kimya. Kila wazo lilikuwa na akili ndani yake, na kila moja liliniacha nimekaa. Siku ya nne ndizi zilikuwa nyeusi. Nikaenda.

Alikuwa anachagua maharage. Nikamwambia yote nimesimama. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchagua, akasema, "Kumbe ni wewe." Akaongeza, "Mudogo wako alipopotea, mimi nilifunga kula siku nzima kwa ajili yake."

Nikachuchumaa kando yake.

"Basi unajua kuandika," akasema. "Andika tena, lakini kweli."

Nikaandika kweli tupu: jina la binti, kijiji, kovu la shavuni. Nikatuma katika makundi yaleyale. Hazikupita dakika nyingi, majibu yakaja: "Tena hawa wezi!" "Musibonyeze, iko nakula unite!" Wenye makundi wakaufuta ujumbe. Walikuwa na haki. Maneno yangu niliyaharibu mwenyewe, na siku nilipoyahitaji hayakuweza kubeba kitu.

Ikabaki miguu. Tulianza Birere, kwa yule muuza unite, mama akamwomba msamaha, nami nikaeleza. Kijana yule akanitazama. "Mimi naitwa mwizi njiani, mwizi mwenyewe anasoma matangazo kanisani." Halafu akafunga meza yake, akatupakia kwenye pikipiki ya kaka yake hadi Kanyaruchinya, na kesho yake akatupeleka tena.

Siku tatu tuliuliza hema kwa hema. Siku ya tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji akasema, "Kuko mudada pale, anauliza kila mutu wa mujini kama anajua mama yake. Simu walimunyanganya njiani, namba zilikuwa ndani."

Binti alikuwa amekaa juu ya mawe, miguu imevimba na kufungwa vitambaa. Alishuka akipita katikati ya risasi kwa sababu Jumapili nne hakupigiwa. Alipomwona mama yake hakuinuka. Alisema, "Mama, nilikuja kukuzika."

Nilisikia kwa masikio yangu. Ningepewa kulisahau neno moja, ningechagua hilo, na najua sistahili kupewa.

Kazi ile niliiacha siku hiyohiyo. Namshukuru kijana wa unite, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu. Namshukuru binti, ambaye bado anachechemea na bado ananisalimia. Namshukuru mama. Msidhani amesema amenisamehe. Nilipomuuliza alinijibu, "Kwanza waambie wengine." Ndiyo maana nimesimama hapa.

Vijana wenzangu wenye diploma, nina moja tu la kuwaachia. Kazi ikikuomba utumie kilio unachokijua, jiulize nani atakuwa analia. Usijiulize kama kuna herufi ndogo chini. Mimi nilijiuliza hilo, na jibu lilinifaa sana.

Sasa zile simu. Baada ya ibada nitakaa kwenye benchi la mlangoni. Anayeona unite zinaisha bila kuongea aniletee, niiondoe huduma mbele ya macho yake. Pengine tangazo litakuwa langu. Nikiona ni langu, nitakuambia. Na tafadhali, msinipe ndizi.