Bingwa Kaacha Ndege

Benchi ni langu, nasema mapema, maana wanaolikalia huwa wanajisahau. Liko kati ya duka la kinyozi na la fundi cherehani, hatua kama mia mbili kutoka kwenye ua wa kiwanja kidogo cha ndege, na mbele yake kuna jiko langu, birika, na vikombe kumi na viwili, kimoja hakina mkono. Mimi nauza kahawa, wao wanagawa maneno bure. Jumamosi hiyo walikuwa wanne: Kinyozi, anayenyoa watu wawili kwa siku na kubishana na ishirini, Mstaafu, aliyekuwa karani wa posta na mpaka leo akiongea ni kama anakugongea muhuri, Redio, jina linatosha, na Spana, fundi wa ndege pale kiwanjani, mtu wa kusema "ndiyo" na "asante" akanyamaza. Habari ilikuwa moja tu. Bingwa, yule mkimbiaji ambaye picha yake ilifika mpaka kwenye majalada ya madaftari, ametangaza kwamba amestaafu. Si mbio, mbio aliziacha zamani. Ameacha kurusha ndege. Kile kindege chake cheupe cha viti viwili kimefunikwa turubai, na yeye kasema anataka kupumzika, basi. Niliumia, sitaki kuficha. Nimezoea kuinua macho kila akipita.

— Hakuacha, kaachishwa, alianza Redio, hata kahawa hajaipuliza. Mtu haachi hivihivi kitu alichokipenda tangu hajaota meno ya pili.

— Wewe ulikuwepo akiota meno? aliuliza Kinyozi.

— Si lazima niwepo. Kila mtu anajua alikuwa akizifukuza ndege nje ya ua pale, miguu mitupu. Ndege ikianza kuondoka, na yeye mbio! Mwalimu wa michezo akamwona, akasema mbona huyu mtoto anaikaribia? Medali zote zile zilianzia pale nje ya ua.

— Hapo umesema kweli, nikamwambia.

Nilikosea. Redio ukimsifu mara moja, umemharibu siku nzima.

— Sasa nisikilizeni. Bingwa kaona kitu huko juu.

— Kitu gani?

— Angekuwa anaweza kukisema, angeacha?

— Acha hizo, alisema Kinyozi. Ni mkewe. Mke kamwambia chagua, mimi au hilo dudu lako la mabawa.

— Mke aliyevumilia miaka ishirini na miwili aje achoke leo? Kwa mujibu wa uzoefu wangu, alisema Mstaafu, na hapo akakohoa, Bingwa anataka kugombea. Mgombea hawezi kuwapitia wananchi juu ya vichwa vyao. Lazima kwanza ashuke.

— Agombee nini na yeye akipewa kipaza sauti anatetemeka?

— Basi anarudi kwenye mbio, alisema Kinyozi. Cheka, cheka tu. Nimemnyoa mwezi uliopita, shingo ile bado ya kijana. Huko juu damu inakuwa nyepesi, ndiyo maana kaacha, anajaza damu.

— Ana miaka hamsini na tisa! alidakia Redio.

— Na wewe una arobaini, mbona kupanda ngazi unapumzika katikati?

Redio hakupenda kupitwa. Akaweka kikombe chini, akatazama kushoto na kulia kana kwamba jiko langu linapeleka habari.

— Mimi naona hata huyo aliyetangaza si Bingwa. Bingwa mwenyewe alishaondoka na ndege nyingine. Huyu wa nyumbani kaachwa kutupumbaza.

— Loo! nikasema. Na mkewe hajagundua?

— Ndiyo hapo sasa!

Tulicheka, mpaka Mstaafu akajimwagia kahawa. Spana hakucheka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile nilivyompa. Kinyozi akamwona, na Kinyozi hana breki ya mdomo.

— Au ndege ni mbovu. Mbovu kitambo. Bingwa mtu wa heshima, hataki kumwaibisha fundi wake, kaona bora aseme kachoka.

— Ndege ni nzima, alisema Spana.

— Wewe fundi ungesemaje vingine?

— Nimesema ni nzima. Mimi ndiye niliyemzuia.

Kicheko kikakatika. Nikavuta kigoda changu, nikakaa.

— Ulimzuia kivipi? nikamuuliza.

— Mama, kila Jumamosi, kabla hajapanda, yeye anasimama na kadi ya ukaguzi. Anasoma, mimi nagusa. Akisema mafuta, nakagua, najibu "tayari". Tairi, tayari. Breki, tayari. Mistari thelathini na mmoja. Jua kali, manyunyu, hatujawahi kuacha hata mmoja. Sasa miezi hii naona anasoma upesi mno, macho hayashuki na mistari. Akitua, gurudumu linakwenda kwenye nyasi. Nikiuliza, anasema upepo. Upepo gani, na majani hayatikisiki?

— Ukafanya nini?

— Jumamosi iliyopita nikampa kadi kichwa chini miguu juu.

— Ala! alisema Redio. Akakutukana?

— Akasoma. Yote. Bila kukosea hata neno.

Spana akaendelea, anaangalia viganja vyake vilivyoingia grisi isiyotoka.

— Na mimi nikawa najibu tayari, tayari, mpaka mwisho, kwa sababu sikujua pa kumkatizia. Akapanda, akawasha injini, akaniashiria niondoe vibao vya kuzuia magurudumu. Sikuondoa. Akaashiria tena. Nikasogea dirishani, nikamwambia, kaka, kadi uliishika kichwa chini.

— Maskini, nikasema.

— Akazima injini, akakaa humo ndani kama saa nzima. Kisha akashuka, akanipa mkono, akaenda zake. Tangu siku ile simu yangu hapokei. Mtu aliyesimama na mimi kaburini siku ya kumzika mama yangu! Sasa nyinyi mnaojua yote, niambieni. Nimempoteza?

— Ulifuata utaratibu, alisema Mstaafu, lakini kwa sauti ndogo.

— Nisamehe, ndugu yangu, alisema Kinyozi.

Ndipo tulipomwona mke wa Bingwa anavuka barabara. Kwenye benchi langu hajawahi kufika. Wanaume wote wakasimama, Spana wa kwanza.

— Karibu, shemeji, alisema Spana. Bado amenikasirikia?

— Nani kakwambia amekasirika? Jumatano tulikwenda kwa daktari. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Yeye alijua siku nyingi, mimi ndiye sikujua. Simu hapokei kwa aibu. Anasema alikudanganya uso kwa uso, mistari thelathini na mmoja.

Spana akafunika macho kwa mkono. Nikageuka, nikalichochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

— Lakini si hilo lililonileta, alisema yule mama, akatutazama mmoja mmoja. Nyinyi mmemwona angani miaka yote, pengine mnajua. Leo kaamka kabla ya jua. Kaoga, kavaa, kafunga viatu, kakaa mlangoni. Haongei. Nikipita, anasogeza miguu nipite. Nimwambie aende wapi?

Mstaafu akamwonyesha nafasi kwenye benchi, hakukaa. Mimi nikammiminia kahawa, hakuipokea.

— Sijui, shemeji, alisema Spana mwishowe.

— Hata mimi sijui. Lakini hajala, na peke yangu nimeshindwa.

Spana akaweka kikombe, akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, mara mbili.

— Nikifika nimwambie nini?

— Usimwambie kitu, alisema yule mama. Kaa naye.

Wakaondoka pamoja. Redio akauliza kama kahawa bado ipo. Ilikuwepo, lakini nilimwambia imekwisha.